Saa Kavu na Bei ya Soko: Kula na Kufanya Mazoezi Misimu Inapobadilika Kisumu, Nakuru na Magharibi

Ratiba nyingi za lishe na mazoezi zinazosambazwa kwenye simu ziliandikiwa nchi za majira manne, ambako Januari kuna theluji na giza huingia saa kumi jioni. Ukizifuata neno kwa neno Kisumu, utahimizwa kunywa supu nzito ya kujipasha joto mwezi ambao hata ukuta unatoa jasho. Kwetu jua halina hila hiyo. Mwaka mzima Kisumu linachomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja kasoro dakika kumi, na Nakuru dakika chache mapema. Hakuna anayeweza kusingizia giza la msimu.

Kinachobadilika huku ni mambo mawili: saa ambayo nje ni kavu, na kilicho rahisi sokoni. Wengi wanaoacha mazoezi mwezi wa Aprili si wavivu. Walijipangia kukimbia saa kumi na moja jioni, na saa hiyo ndiyo mvua inapopiga. Kiasi hakibadiliki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, siku mbili za mazoezi ya nguvu, angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na chumvi isiyofika gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kinachohama ni saa na sufuria.

Tuanze na mvua. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, unakutana na ule unaoshuka kutoka milimani, hewa inapanda na mawingu yanafumka. Ndiyo maana kuanzia Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli, dhoruba za Kisumu, Vihiga na Kakamega huja alasiri na jioni zaidi kuliko asubuhi. Basi msimu huo hamishia matembezi au mbio kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi. Kama kazi yako inaanza mapema, gawanya: dakika 15 za kutembea kwa kasi kwenda kazini, dakika 15 za mchana. Ukishuka matatu vituo viwili kabla ya kwako, umeshapata nusu ya hizo bila kubadilisha nguo.

Radi isichezewe. Kakamega na Kisii zinajulikana kwa radi, na bonde lote la ziwa ni kati ya maeneo yenye ngurumo nyingi sana duniani. Ukisikia ngurumo ukiwa uwanjani au ufukweni Dunga, ingia ndani ya jengo au gari lililofungwa, si chini ya mwembe wala kwenye kibanda kilicho wazi. Kaa humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Watu hupigwa wakitoka mapema kwa sababu mvua imekatika.

Halafu matope. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, kuanzia Ahero, unaganda kwenye soli hadi kila kiatu kinaongeza uzito, na mguu unaanza kutupwa nje. Maumivu ya nyonga na goti huanzia hapo. Kimbilia murram au lami, fupisha hatua, na usiteremke mlima mbio. Kwenye lami kaa upande wa kulia ili uyaone magari na boda boda zinazokuja mbele yako. Kiatu kikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha magazeti baada ya saa mbili, kisha kiache penye hewa. Usikiweke kando ya jiko: gundi inalainika na soli inaachia. Kausha katikati ya vidole vya miguu kabla ya soksi, la sivyo fangasi watakusimamisha wiki mbili.

Kuna siku ambazo mvua inaanza alfajiri na haiachi. Kwa siku hizo weka mazoezi ya ndani ambayo chumba kimoja kinatosha. Vifaa ni mitungi miwili ya maji ya ukubwa sawa na kiti imara. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mtungi wa lita 3 uliojaa ni kilo 3 na kidogo, wa lita 5 ni kilo 5. Jaza hadi juu. Mtungi wa lita 5 wenye maji nusu unayumba na kuvuta kifundo cha mkono. Afadhali mtungi mdogo uliojaa kuliko mkubwa uliopungua. Weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko kisivuje.

Anza kwa kutembea papo hapo dakika tano. Kisha kaa na kusimama kutoka kwenye kiti mara 12, visigino vikiwa vimegusa sakafu muda wote. Vikinyanyuka, goti linabeba mzigo wa paja. Piga pushapu 10 ukiwa umeegemea meza au ukuta. Inama kiunoni mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja kwenye kiti, vuta mtungi hadi mbavuni mara 10 kila upande. Shika mitungi yote miwili tembea mlango hadi dirisha kwa dakika moja, mabega nyuma. Malizia kwa kujiegemeza kwenye viwiko na vidole vya miguu sekunde 20, tumbo limekazwa, kiuno kisishuke. Pumzika dakika moja, rudia mara tatu. Yote ni kama dakika 25. Ukiona mara 15 hazikusumbui, hamia mtungi mkubwa zaidi. Hakuna kuruka, maana jirani wa chini naye ana haki zake.

Anayeteka maji kwa mtungi wa lita 20 kila siku tayari ana mazoezi ya nguvu. Huyo hahitaji kuambiwa anunue vyuma. Anachohitaji ni kubeba sawa: akunje magoti kuinua badala ya kupinda mgongo, na kama anabeba mkononi, agawe lita 20 kuwa mbili za lita 10. Vivyo hivyo mkulima. Machi na Aprili, mtu anayelima kwa jembe saa tatu kwa siku hana haja ya kukimbia jioni; anahitaji kulala, kula protini na kunyoosha mgongo. Hatari yake iko mbele: palizi ikiisha kazi inapungua ghafla, na wakati huohuo mahindi mabichi yanaanza kukomaa. Mkono umepumzika lakini sahani imebaki ileile ya msimu wa jembe. Hapo ndipo suruali inabana, na hapo ndipo dakika 150 zinapaswa kuingia mahali pa shamba.

Mahindi mabichi yenyewe hayana ubaya, ila watu huyahesabu kama hewa. Hindi la kuchoma lililoliwa barabarani saa kumi ni wanga. Ukila mawili, ugali wa jioni upunguze kwa nusu au uuache, ule mboga na maharagwe. Unga wa mahindi una takriban kalori 360 kwa gramu 100, na nusu kilo ya unga hutoa ugali wa watu wanne. Pima unga kwa kikombe badala ya kukisia kwa jicho, maana sufuria haikumbuki umeongeza mara ngapi. Kwenye sahani, ugali usizidi robo, protini robo, mboga nusu. Huku kwetu sahani nyingi ni kinyume: ugali nusu, mboga kando kama pambo.

Na hakuna kisingizio cha mboga wakati wa mvua. Aprili hadi Juni managu, saga, mrenda, kunde, mitoo na mchicha vinajaa soko la Kibuye mjini Kisumu, soko la Luanda kule Vihiga na kila kibanda cha mama mboga. Ni majani yenye chuma, kalisi na vitamini A kwa wingi, na huota hata pembeni mwa shamba. Tatizo liko jikoni. Wengi huchemsha managu muda mrefu, humwaga maji, huweka mengine, humwaga tena ili uchungu uishe. Uchungu unaisha, lakini vitamini C na foleti zinaenda na maji. Njia bora ni kuchanganya: mafungu mawili ya mchicha au kunde kwa fungu moja la managu, chemsha mara moja kwa maji machache, mwaga hayo tu kama lazima, kisha malizia kwa kitunguu na nusu kikombe cha maziwa. Saga pia huvumilika zaidi ikilala na maziwa usiku mmoja mahali pa baridi.

Kwenye mrenda, magadi au munyu wa majivu hulainisha jani haraka na kuifanya iteleze, lakini hula vitamini C na baadhi ya vitamini B, na vyote viwili huongeza chumvichumvi mwilini. Kwa sufuria ya watu wanne, robo kijiko cha chai cha magadi inatosha kabisa. Mwenye presha aache, achanganye mrenda na kunde changa tu. Itateleza vya kutosha.

Mvua ikikatika Desemba, bei ya mboga inapanda na fungu linasinyaa. Ndiyo maana kazi ya Januari inafanywa kabla: kukausha. Kunde ndiyo rahisi kuliko zote. Chuma majani asubuhi, ondoa mashina magumu, osha kwa maji mawili. Chemsha maji, tumbukiza majani yakiwa kwenye chujio au kitambaa kwa dakika mbili hadi tatu, toa, poza kwa maji safi baridi, ning'iniza yachuruzike. Tandaza tabaka moja kwenye wavu wa waya ulioinuliwa kama mita moja kutoka chini, kivulini penye upepo. Si juani: jua kali linaua vitamini A na kugeuza jani kahawia. Funika kwa leso nyepesi kuzuia nzi. Chandarua kizee kisitumike, hata kama kimefuliwa, kwa sababu vyandarua tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu.

Geuza mara mbili kwa siku, na ingiza ndani usiku ili umande usirudishe maji. Baada ya siku mbili au tatu jani linapaswa kuvunjika likifinywa na kikonyo kikate kwa mlio. Kikipinda, bado, ukikihifadhi hivyo kitaota ukungu, na sumu ya ukungu haiishi kwa kupika. Weka kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, gizani. Fungua baada ya wiki moja: ukiona matone chini ya kifuniko, toa yote uanike upya. Kilo kumi za majani mabichi hutoa takriban kilo moja kavu, kwa hiyo konzi moja kavu kwa mtu inatosha. Roweka maji ya vuguvugu dakika 20 hadi 30, pika, tia karanga zilizosagwa. Anayekausha Aprili katikati ya mvua atapata ukungu tu. Subiri majuma makavu ya Juni au mwanzo wa Julai, au chuma zile za mwisho Desemba.

Omena, dagaa wa ziwani, nayo ina kalenda yake. Uvuvi wake hufungwa Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane, na hizo ni miezi ambayo hata iliyopo hukauka vibaya kwa sababu ya mvua. Kama nyumba yako inategemea omena, nunua gorogoro zako Machi. Nzuri inang'aa fedha, haivunjikivunjiki na harufu yake ni ya samaki, si ya kuoza. Iliyokuwa ya njano au nyekundu imeanza kuharibika mafuta. Ianike tena juani siku moja nyumbani, iweke kwenye ndoo kavu yenye kifuniko. Ikikauka vyema, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa tunakula na mifupa, ina kalisi nyingi.

Mchanga ndio unaofanya watu waichukie. Mwagia maji ya moto, iache dakika tano, ichote kwa mikono kutoka juu badala ya kuimwaga pamoja na maji, ili mchanga ubaki chini. Rudia mara tatu. Ikaushe kwenye sufuria bila mafuta hadi iache kutoa mvuke, ndipo utie kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu na nyanya. Ukiizamisha kwenye mafuta ya kukaangia umenunua samaki ukala mafuta. Omena ikikosekana, maharagwe mapya ya magharibi hufika sokoni kuanzia Juni na Julai, na ndengu na mayai hayana msimu.

Nakuru ni habari nyingine. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu takriban 1,130, na kipupwe cha Juni hadi Agosti hufanya blanketi lishinde nia. Saa ya kukimbia alfajiri iliyokufaa Februari haifai Julai. Sogeza hadi saa nne asubuhi au saa kumi jioni, mvua ikiruhusu, na pasha mwili dakika kumi badala ya tano: tembea, zungusha mabega, inua magoti. Misuli baridi ikivutwa ghafla kwenye mteremko wa kuelekea Menengai ndiyo inayokatika. Mwenye pumu afunike mdomo na pua kwa skafu, hewa ipate joto kabla ya kuingia kifuani, na abebe dawa yake ya kuvuta. Anayetoka Kisumu kwenda kukaa Nakuru apunguze kasi wiki ya kwanza. Kuhema kwake kunatokana na mwinuko na wala si dalili kwamba amezeeka ghafla.

Baridi ina adui wa kimyakimya: chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko tisa, takriban gramu 36. Pendekezo bora la sukari ya kuongezwa ni chini ya gramu 25 kwa siku, na hapo hujagusa mandazi. Usikate yote siku moja, utarudi Ijumaa. Punguza nusu kijiko kila wiki kwenye kila kikombe, ulimi hauoni. Tangawizi na iliki husaidia kuficha pengo.

Kisha viazi. Molo, Njoro na Mau Narok zinatulisha waru, karoti, kabichi na minji, na msimu huo ni wa mchuzi mzito. Waru ni wanga, hata kama iko kwenye mchuzi. Sahani ya wali, waru na chapati ina wanga mara tatu na mboga sifuri. Badala yake pika githeri ya maharagwe mengi kuliko mahindi, vikombe viwili kwa kimoja, tia karoti na sukuma iliyokatwakatwa dakika tano za mwisho. Inashibisha na inapasha joto.

Kiangazi cha Januari hadi mwanzo wa Machi, Kisumu mara nyingi hupita nyuzi 30 mchana. Epuka jua kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ili ujue unapoteza maji kiasi gani, jipime uzito kabla na baada ya saa moja ya mazoezi, ukiwa na nguo chache: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, na unahitaji kunywa kama lita moja na robo hadi moja na nusu taratibu kuirudisha. Mkojo wa njano iliyoiva unamaanisha umechelewa. Kwa mazoezi ya chini ya saa moja, maji tu yanatosha. Ukitoka jasho sana au ukihara, changanya vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi. Usikosee vipimo: chumvi ikizidi inadhuru, hasa mtoto. Mwenye presha au kisukari asifanye hiki kinywaji cha kila siku. Soda haiwezi kuchukua nafasi yake. Ya mililita 500 ina takriban gramu 50 za sukari, na Desemba watu hunywa mbili mezani kabla nyama haijaiva.

Maji ya kunywa nayo, hasa mafuriko yakipita Nyando au Budalang'i na vyoo kufurika: chemsha hadi yatokote kwa nguvu dakika moja. Ukiwa Molo, ambako mwinuko unazidi mita 2,000, yaache dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka kwenye joto la chini. Kachumbari na matunda yaoshwe kwa maji hayohayo, si ya bomba moja kwa moja, au msimu huo kula vilivyopikwa.

Mwisho ni malaria, ambayo huku ziwani huzidi baada ya masika. Homa, baridi na maumivu ya viungo si uchovu wa mazoezi. Pima kwanza, usikimbie ukiwa na homa hata kidogo. Ukimaliza dawa na homa ikiwa imeisha siku mbili, anza kwa kutembea dakika 10, ongeza tano kila siku ya pili, na usirudi kwenye mitungi hadi upande ngazi bila moyo kwenda mbio. Ukiona kizunguzungu, rudi nyuma siku mbili. Damu inaweza kuwa imepungua, na hapo managu, maharagwe na kipimo cha damu vinakufaa kuliko kulazimisha mbio.